Zimwi Likujualo: Gustave wa Rusizi na Mvuto wa Hadithi za Kutisha



Wanafunzi wetu wanapoulizwa ni vitabu gani vya Kiswahili walivyovisoma kwa hiari yao, bila kusukumwa na mtihani, ni nadra kututajia vile tulivyowapangia darasani. Hututajia hadithi za upelelezi, za mauaji, za majini na mizimu. Wakizungumzia filamu, ni vivyo hivyo: ile iliyowanyima usingizi ndiyo wanayoikumbuka tangu mwanzo hadi mwisho. Baadhi yetu walimu huliona jambo hili kuwa ni upungufu wa kizazi cha leo. Katika makala haya tunakusudia kulitazama kwa jicho la historia. Swali letu ni hili: kwa nini watu waliokwisha kuonja hofu ya kweli huitafuta tena hofu ya kubuni? Tutajaribu kulijibu kwa kisa cha hapa hapa Bujumbura, kisa cha mamba aitwaye Gustave, ambaye kutoka mdomo wa mto Rusizi alifika hadi kwenye majumba ya sinema ya Marekani.

Hofu ina historia yake

Kabla ya kurudi nyumbani, yafaa tukumbuke kwamba hadithi za kutisha, kama tanzu nyingine zote, zina tarehe na chimbuko. Katika fasihi ya Ulaya, riwaya ziitwazo za Kigothiki huanzia mwaka 1764, Mwingereza Horace Walpole alipochapisha The Castle of Otranto. Ndani yake mna ngome kuukuu, mababu waliodhulumu, na dhuluma hiyo kuwarudia wajukuu. Baadaye zilifuata riwaya za Ann Radcliffe katika miaka ya 1790, Frankenstein ya Mary Shelley mwaka 1818 na Dracula ya Bram Stoker mwaka 1897. Ukizisoma kwa pamoja utagundua kwamba shetani wao, hata akibadilisha sura namna gani, ni yule yule mmoja: jambo la zamani lililofukiwa vibaya, linalokataa kubaki chini ya udongo.

Filamu nazo zilipita njia hiyo. Vita Kuu ya Pili vilipomalizika, Wafaransa walipata nafasi ya kuona kwa mkupuo filamu za Kimarekani ambazo hazikuwafikia wakati nchi yao ilipokaliwa na Wajerumani. Walikuta filamu za vivuli virefu, mitaa yenye mvua usiku, wapelelezi waliochoka na wanawake wasioaminika. Mwaka 1946 mhakiki Nino Frank aliziita filamu nyeusi, na jina hilo la Kifaransa likakubalika duniani kote. Si ajabu kwamba waliozipa jina ni watu waliotoka kuonja usaliti, njaa na woga wa kugongewa mlango usiku. Filamu hizo zilizungumzia jiji la Los Angeles, lakini mtazamaji wa Paris aliiona humo miaka yake mwenyewe.

Liko pia kundi la tatu, nalo ni la filamu zinazoshindwa sokoni, kisha zikapata wapenzi wachache wanaozirudia mara kwa mara hadi wakazijua kwa moyo. Mfano mashuhuri ni The Rocky Horror Picture Show, iliyotoka mwaka 1975 bila mafanikio, na kuanzia mwaka 1976 ikawa inaonyeshwa usiku wa manane mjini New York mbele ya watu waliokwisha kuiona mara nyingi. Mtu harudii jambo kiasi hicho kwa sababu ya kutaka kujua mwisho wake. Huurudia mwisho huo kwa kuwa anaujua. Hofu ya kubuni ina kitu ambacho hofu ya kweli haina, nacho ni mpaka. Taa zitawashwa, kitabu kitafungwa, na msomaji atatoka mzima.

Mamba apata jina

Sasa turudi ziwani. Mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu na kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, kilomita chache tu magharibi ya Bujumbura. Delta yake ni makazi ya viboko, ndege wa aina nyingi na mamba wa Naili. Ni mahali pa watu pia: wavuvi wa mukeke na ndagala, wakulima wa mpunga na mboga, wanawake wachotao maji, watoto waogao. Kwa hiyo mtu kukamatwa na mamba si jambo geni katika pwani hii, na wazee wa Kirundi walikuwa wakimwogopa ingona kabla ya kuwapo kamera.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi kwa miaka mingi na kujifundisha mwenyewe elimu ya wanyama watambaao, alianza kumfuatilia mamba mmoja aliyetofautiana na wenzake kwa ukubwa. Alimwita Gustave. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kumpima, ukubwa wake ulikisiwa kwa macho na kwa picha: urefu wa karibu mita 6 na uzito wa zaidi ya kilo 900. Mwilini alikuwa na makovu yaliyodhaniwa kuwa ya risasi. Awali alidhaniwa kuwa na umri wa miaka 100. Baadaye, kwa kuwa meno yake yalionekana kuwa bado kamili, makisio yakashuka hadi miaka kama 60. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Faye na wenzake walijaribu kumnasa kwa tundu la chuma lenye urefu wa karibu mita 9 na uzito wa tani moja. Walitega nyama za namna mbalimbali, lakini Gustave hakuingia. Jaribio hilo likawa filamu ya kumbukumbu, Capturing the Killer Croc, iliyoonyeshwa kwenye televisheni ya Marekani mwaka 2004. Habari za kwamba ameuawa zilienea mwaka 2019, ila mzoga wake haukuonyeshwa.

Watu hupenda kutaja kwamba Gustave aliua watu 300. Twaomba msomaji asimame kidogo kwenye tarakimu hii. Ni makisio tu, kwani hapakuwa na daftari la kuwaandika waliokamatwa. Na kwa nini hapakuwa na daftari? Hapo ndipo tunapokutana na kiini cha kisa chetu.

Miaka ambayo Gustave alipata jina ilikuwa miaka ya vita. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na nchi ikaingia katika mauaji na mapigano yaliyokadiriwa kuchukua roho za watu wapatao 300,000. Mkataba wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, lakini bunduki ziliendelea kulia. Kundi la mwisho la waasi lilikubali kuweka silaha chini baada ya mwaka 2005. Katika wakati kama huo mtu akitoka nyumbani kwenda mtoni asirudi, nani atajua kilichomchukua? Mto hautoi ushahidi. Mamba angeweza kubebeshwa dhambi ya binadamu, na binadamu angeweza kujificha nyuma ya mkia wa mamba.

Fikiria tena tofauti ya vitisho hivi viwili. Vita havikuwa na uso mmoja. Vilikuwa na sura ya jirani, ya askari, ya kijana uliyesoma naye. Kuvizungumzia hadharani kulimlazimu mtu kutaja majina, na kutaja majina kulikuwa hatari. Gustave alikuwa na jina ambalo mtu yeyote aliweza kulitamka bila woga. Alikuwa na urefu, makovu na makazi yanayojulikana. Hakuwa Mhutu wala Mtutsi. Watu wa Buyenzi, Kinama, Musaga na Rohero waliweza kumzungumzia katika basi moja, na kila mmoja akaongeza chumvi yake bila kumwangalia mwenzake kwa jicho la shaka. Kwa maoni yetu, hili ndilo jibu la kwanza la swali tulilouliza. Zimwi huipa hofu mwili, na hofu yenye mwili huzungumzika.

Lugha zetu zilikwisha kulitambua jambo hilo. Kiswahili kina zimwi, na Kirundi kina igisizimwe wa hadithi za jioni. Kiswahili kina mzimu, na Kirundi kina umuzimu. Mwanafunzi wa isimu hatakosa kuona udugu wa maneno hayo. Wazee wetu waliweka karibu karibu jina la kiumbe alaye watu na jina la roho ya aliyekufa, kana kwamba walijua kuwa chanzo chao si mbali: zimwi huanza pale wafu wasipotulia.

Filamu isiyotujua

Tarehe 12 Januari 2007 filamu ya Primeval ilianza kuonyeshwa Marekani. Iliongozwa na Michael Katleman, na mhusika mkuu aliigizwa na Dominic Purcell. Matangazo yake yalisema kwamba ni kisa cha kweli cha muuaji aliyeua watu wengi kupita wote, bila kuonyesha kwamba muuaji huyo ni mamba. Hadithi yenyewe inahusu waandishi wa habari wa Kimarekani wanaotumwa Burundi kumnasa Gustave. Huku wakimwinda wanajikuta mikononi mwa mbabe wa vita ambaye naye anajiita Gustave Mdogo. Wahakiki hawakuisifu, na haikudumu katika majumba ya sinema. Imeendelea kuishi kwenye diski na kwa wapenzi wa filamu za wanyama wala watu.

Burundi unayoiona humo ilipigwa picha Afrika Kusini. Hilo si kosa peke yake, kwani sinema daima huazima mahali. Linalotusumbua ni mpangilio wa hadithi. Filamu inafunguka kwenye kaburi la halaiki, ambapo mtaalamu wa Kizungu anachunguza maiti za Waafrika. Mamba anamkamata mtaalamu huyo, na kuanzia hapo ndipo ulimwengu unapomtambua Gustave kama habari ya kutangazwa. Wale waliomo kaburini hawana majina, hawana ndugu, na hakuna anayerudi kuwauliza walikufaje. Wamewekwa pale ili kueleza ni kwa nini mamba amezoea nyama ya watu. Yaani vita vyetu vimekuwa chakula cha mamba katika hadithi, na wafu wetu wamekuwa pazia la nyuma ya jukwaa.

Wahenga walisema: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii huelezwa kwa kawaida kuwa adui anayekufahamu atakubakizia kidogo. Tunaweza kuisoma upande wa pili pia. Zimwi lisilokujua hukula likakumaliza, wala halikumbuki jina lako. Filamu ya 2007 ilikuwa zimwi la namna hiyo.

Somo kutoka Japani

Je, kuna taifa lililoumia vitani likafuga zimwi lake lenyewe? Liko. Mwezi Machi 1954 Marekani ilijaribu bomu la haidrojeni katika Bahari ya Pasifiki, na majivu yake yakawaangukia wavuvi wa Kijapani waliokuwa katika chombo kiitwacho Daigo Fukuryu Maru. Miaka tisa tu ilikuwa imepita tangu Hiroshima na Nagasaki. Mwezi Novemba mwaka ule ule filamu ya Gojira ilitoka. Mwongozaji wake, Ishiro Honda, alikuwa askari aliyeipitia Hiroshima iliyoteketea aliporudi nyumbani kutoka vitani. Katika filamu hiyo mnyama mkubwa anayeamshwa na majaribio ya mabomu anatoka baharini na kuuteketeza mji wa Tokyo. Wajapani walioketi gizani hawakuhitaji kuelezwa maana yake. Zimwi lilikuwa la kubuni, lakini hospitali zilizofurika na mama aliyewakumbatia watoto wake katikati ya moto walikuwa ni kumbukumbu.

Mwaka 1956 Wamarekani waliitoa upya filamu hiyo kwa ajili ya soko lao. Walikata sehemu kadhaa, hasa zile zilizogusa mabomu kwa ukali, wakamwingiza mwandishi wa habari wa Kimarekani, aliyeigizwa na Raymond Burr, ili awe ndiye anayetusimulia kila kitu. Msomaji ataona jinsi jambo hili linavyolingana na la Gustave: miaka hamsini baadaye, mwandishi wa habari kutoka ng'ambo bado ndiye aliyepewa kazi ya kuliona zimwi la watu wengine. Tofauti ni kwamba Wajapani walikuwa na filamu yao ya kwanza, ya kwao wenyewe, ya kuilinganisha na hiyo ya pili. Sisi hatuna Gustave wetu wa kumweka kando ya yule wa Primeval.

Kiswahili kilikwisha kutangulia

Hata hivyo si kweli kwamba tungeanzia patupu. Burundi ina sinema yake tangu Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo, ya mwaka 1992, filamu ndefu ya kwanza ya nchi hii. Nako Tanzania, nusu ya kwanza ya miaka ya 2000, filamu za video za kutisha kama Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi zilionyesha kwamba mzuka wa Kiswahili hauhitaji ngome ya Ulaya; makaburi na vichaka vya nyumbani vinatosha.

Ila mwalimu wetu mkubwa ni wa zamani zaidi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki la mwaka 1957-58 kwa riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Kutoka kwa Sherlock Holmes aliazima mpelelezi mwenye kiko, akamvika kanzu na kumwita Bwana Msa. Watu hutaja deni hilo kwa Holmes wakaishia hapo. Sisi tungependa kuonyesha deni jingine. Jina la kitabu latuahidi mizimu. Maiti inaonekana mahali panapoogopwa na watu tangu zamani. Msomaji anaanza kuamini kwamba wafu wa kale wameua. Kisha Bwana Msa anauliza maswali ya kawaida kabisa, ya nani alikuwa wapi na nani alimchukia nani, na mwisho wake anapatikana mtu mwenye mikono miwili kama sisi. Mbinu hii ya kuamsha hofu ya mzimu na kuimaliza kwa maelezo ya kibinadamu ndiyo iliyompa sifa Ann Radcliffe huko Uingereza. Abdulla aliirudia katika Kisima cha Giningi mwaka 1968, akitumia jina la mahali pa wachawi ambalo kila Mzanzibari alilikua nalo.

Wengine walifuata kwa njia zao: Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo mwaka 1965, Elvis Musiba na Willy Gamba wake tangu miaka ya 1970, Ben Mtobwa na Joram Kiango. Vitabu hivi vilipita mkononi kwa mkono hadi vikachakaa, na si kwa sababu wasomaji wake walikuwa wavivu wa kusoma vitu vizito. Vilikuwa vinawafundisha tabia moja ya akili: usitosheke na jibu la mzimu. Uliza ni mtu gani.

Hitimisho

Tunarudi basi kwa mamba wetu. Tumesema kwamba zimwi huipa hofu mwili ili izungumzike. Hiyo ni faida yake, na ndiyo sababu hatuwalaumu wanafunzi wanaozipenda hadithi hizi. Lakini pana hatari pia: tukilizungumzia zimwi tu bila kukoma, tutasahau kuuliza lilichokuwa linakificha. Mwanzoni mwa mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya halaiki mkoani Karusi, karibu na mto Ruvubu, ikapata mabaki ya watu zaidi ya 6,000 yaliyohusishwa na mauaji ya mwaka 1972. Karibu miaka 50 ilikuwa imepita. Katika mabaki yale vilionekana vipande vya nguo, miwani na rozari, na kwa vitu kama hivyo ndugu waliweza kumtambua mtu wao. Hakuna riwaya ya Kigothiki iliyowahi kubuni ngome yenye siri kama ule mchanga, na hapakuwa na mamba wa kubebeshwa lawama.

Ndiyo maana tunawaomba wanafunzi wetu wanaoandika, hasa wale wa Buyenzi na Bwiza ambao Kiswahili kwao ni lugha ya nyumbani na ya mtaani, wasiione hadithi ya kutisha kuwa kazi ndogo. Andikeni riwaya ya Bujumbura inayoanza usiku pale mto unapokutana na ziwa, mtumbwi ukiwa mtupu na watu wote wakisema ni Gustave. Mfanyeni msomaji atetemeke; ni haki yake. Kisha mleteni mtu mmoja asiyetosheka na jibu hilo, mzee au msichana, aulize kwa upole kama Bwana Msa: aliyekuwa ndani ya mtumbwi huu alikuwa anaitwa nani, alikuwa ametoka wapi, na nani alikuwa wa mwisho kumwona akiwa hai?

Jina la mamba tunalijua sote. Kazi iliyobaki kwa kalamu zetu ni majina ya wale wengine.